Kuku Waliomngoja Somoe

Siku ya harusi ya Mina, kuku kumi na wanane walichinjwa nyumbani kwa mama yake, Mwanvita, mtaa wa Gongoni, Bagamoyo. Wa kumi na tisa alisalimika. Alikuwa tembe kishingo, asiye na hata unyoya mmoja shingoni, na shingo yenyewe nyekundu kama imemenywa. Hakusalimika kwa ujanja. Alikuwa amejibanza nyuma ya mtungi wa maji, na watu walikuwa na haraka.

Harusi ilikwenda vizuri mpaka ulipofika wakati wa kupakua. Kila mtu anajua kwamba firigisi si nyama ya kumpa yeyote tu. Firigisi hupewa mtu wa heshima, na akiikosa, huwa ameambiwa jambo bila kuambiwa. Mwanvita aliagiza mapema kabisa kwamba sahani ya shemeji yake Mtoro iwekwe firigisi mbili juu ya wali, zionekane. Mtoro alikuwa mume wa dada yake Somoe, na ndiye aliyekaa mbele siku ya posa ya Mina na kusema maneno yaliyotakiwa. Lakini jikoni walikuwamo wanawake kumi na wawili, kila mmoja na amri yake, na moshi ukiwatoa machozi. Sahani ya Mtoro ikatoka na shingo mbili. Firigisi zikaenda kwa mtu wa Winde, aliyekuja na jamaa wa bwana harusi na ambaye hata jina lake halikujulikana. Akazila zote mbili, akashukuru.

Mtoro aliipokea sahani yake. Alizinyonya shingo zake taratibu, akalamba vidole, akaomba maji ya kunawa. Aliyeona ni Somoe.

"Mume wangu kala shingo," alimwambia Mwanvita pale mlangoni, wageni wakisikia. "Mbele ya watu wa Winde!"

"Dada, ni makosa ya jikoni. Niliagiza mwenyewe, kwa kinywa changu."

"Na jikoni ni kwa nani? Kwa jirani?"

"Dada yangu, nisamehe. Nitamchinjia shemeji kesho, yeye peke yake."

"Kesho! Aibu ya leo huilipi kesho." Somoe alijifunga leso yake vizuri, akakitazama kizingiti cha mlango, gogo la mninga lililochongwa na baba yao mzazi. "Wallahi, billahi, tallahi, kizingiti hiki mguu wangu hautakivuka tena."

Akatoka. Mtoro akamfuata nyuma, akigeuka kuwapungia mkono watu, maana hakupenda kumwacha mtu bila kumuaga.

Shida ni kwamba hawakuwa na mahali pa kwenda mbali. Nyumba zao zilipeana visogo. Katikati ya nyua zao mbili palikuwa na ukuta wa makuti tu, na mmoja akikohoa, mwingine husema "afya" kabla ya kukumbuka kwamba wamenuniana. Kila asubuhi, akifagia, Mwanvita alisimama karibu na makuti yale akasema, "Shikamoo, dada." Upande wa pili fagio lilinyamaza kidogo, kisha likaendelea. Jibu halikuja. Siku ya kwanza halikuja, mwezi wa kwanza halikuja. Mwanvita hakuacha, kwa kuwa marehemu mama yao aliwafundisha kwamba mdogo husalimu, na hilo la kujibiwa ni juu ya mkubwa.

Mwezi wa pili, baada ya sala ya alasiri, bado yuko juu ya msala, alimkumbuka dada yake. Wakati uleule yule tembe kishingo alipita mbele yake akidonoa. Mwanvita akainua mikono.

"Ee Mola wangu," alisema huku analia, "siku dada yangu atakapovuka kizingiti cha nyumba yangu, kuku huyu, na chote kitokacho kwake, ni cha maskini. Nimeweka nadhiri."

Angaliishia kwenye "kuku huyu", pasingekuwa na hadithi. Lakini mtu akilia, ulimi wake huenda mbele kuliko akili.

Siku tatu baadaye kishingo alitaga. Muhidini, mume wa Mwanvita, fundi wa kujenga nyumba za miti na udongo, aliliokota yai lile likiwa bado na joto, akalipuliza vumbi.

"Liweke," alisema Mwanvita.

"Yai moja tu, mama Mina. Nimeshiba papa mkavu, hata ngozi yangu inaanza kukwaruza."

"Nilisema chote kitokacho kwake. Yai linatoka kwa nani?"

Muhidini aliligeuza yai. Akaliweka. Wakaenda wote wawili kwa Mwalimu Sharifu, aliyesomesha chuo cha Kurani nyuma ya msikiti.

"Ulisemaje hasa?" aliuliza mwalimu.

Mwanvita akarudia neno kwa neno. Mwalimu Sharifu alifunga kitabu chake, kidole kikabaki katikati.

"Kwa nini hukutaja kuku ukanyamaza?"

"Nilikuwa nalia, mwalimu."

"Basi. Yai linatoka kwake, na kifaranga anatoka ndani ya yai. Msile, msiuze, msitoe zawadi. Wafugeni mpaka siku ifike, na ikifika, ni wa maskini wote, nanyi msionje hata mchuzi."

"Na mavi je, mwalimu?" aliuliza Muhidini. "Maana na hayo yanatoka kwake, na yako tele."

"Hayo tia kwenye mchicha wako, uende zako."

Ndivyo ilivyoanza. Mayai yasiyoliwa na yasiyouzwa yana njia moja tu. Kishingo alitaga kumi na moja, akayatamia, akaangua tisa. Mwewe akachukua wawili. Saba waliobaki wakakua, na wanne kati yao walikuwa mitetea, nao wakataga, nao wakatamia. Na kwa kuwa hakuna mgeni aliyechinjiwa, wala sikukuu iliyompunguza hata mmoja, wakawa wanaongezeka tu kama wali unaochemka kwenye chungu kidogo.

Baba yao hakuwa siri. Ng'ambo ya makuti, Mtoro alikuwa na jogoo mmoja wa kuchi, mrefu, mwenye miguu kama milingoti, aliyemnunua kwa Mshihiri mmoja, Mwarabu wa ng'ambo, na kumpenda sana. Jogoo huyo alitoboa tundu kwenye makuti wiki ileile kishingo alipoanza kutaga. Vifaranga wote wakatoka na shingo tupu za mama yao na miguu ya kwa Mtoro.

"Hawa watoto wana sura ya ukoo," alisema Chausiku, jirani muuza vitumbua, aliyejua habari zote za mtaa kabla hazijatokea. Yeye ndiye aliyeieneza habari ya nadhiri, na ikafika ng'ambo ya pili siku hiyohiyo.

Tangu hapo dada wawili wakapata njia ya kuzungumza. Hawakuzungumza wao kwa wao, la hasha. Walizungumza na kuku.

"Nyinyi kuku," Somoe alipaza sauti, "mnasikia? Eti mnaningoja mimi! Mtangoja mpaka mng'oke meno. Nami kule siingii."

"Kuku wangu," alijibu Mwanvita, akimtazama kishingo, "msikate tamaa. Na mkienda kwa wakubwa zenu msichakure ovyo. Semeni shikamoo, kisha mrudi."

"Shikamoo ya kuku haijazi tumbo! Wewe kishingo, toka kwenye kinu changu. Huna nguo shingoni, huna haya usoni. Umelelewa wapi?"

"Umelelewa na baba wa kwao, kuku wangu. Waambie wamuulize jogoo wao."

Nyuma ya ukuta Mtoro alisikika akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kucheka.

Mwaka wa kwanza Mwanvita alihesabu kuku kumi na wanne. Mwaka wa pili walikuwa ishirini na sita. Muhidini, aliyejengea watu nyumba, mwaka ule alijenga vizimba tu. Kizimba cha kwanza kikajaa, cha pili kikajaa, wakaingia jikoni, wakalala juu ya kuni, wakapanda kwenye dari ya mikoko. Tembe mmoja aliichagua kofia ya Ijumaa ya Muhidini, akaitagia mayai matatu, na Mwanvita akakataa asisumbuliwe. Muhidini alikwenda kusali na kofia ya kuazima. Jioni aliketi mbele ya sahani yake ya muhogo na papa mkavu, na kuku ishirini na sita wakasimama kumtazama.

"Wananicheka," alisema.

"Wanamtamani papa wako."

"Mimi ninawatamani wao. Tungebadilishana tu."

Watu wa misafara waliokuwa wakijiandaa kwenda bara walikuja kuulizia kuku, wengine na nguo nzuri mikononi za kubadilishana. Mwanvita aliwakatalia wote, akawapa maji ya kunywa. Ilisemwa mtaani kwamba akili ya Mwanvita imeingia utitiri. Yeye aliyasikia hayo, na hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni kufagia kila asubuhi na kusema shikamoo kwa makuti. Na alihofu jambo moja, ambalo hakumwambia hata Muhidini. Somoe alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi na miwili. Itakuwaje mmoja wao akifa kabla ya neno lile kujibiwa?

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo pia hakumwambia mtu. Jioni moja, akiwafungia kuku, alimshika kishingo na kumpapasa chini ya shingo, mahali chakula kinapokaa kabla ya kusagwa. Palikuwa pamejaa, pagumu, punje tupu. Akampapasa wa pili, hivyohivyo. Wa tatu akaachia punje mdomoni, na Mwanvita akaiokota. Mtama. Kwake hapakuwa na mtama hata punje. Wao walikula muhogo, na kuku walipewa pumba na chicha ya nazi. Mwenye mtama alikuwa Mtoro, aliyelima upande wa Kaole.

Kesho yake Mwanvita alikaa kimya karibu na makuti akachungulia tunduni. Alimwona dada yake amechuchumaa na kifuu mkononi. "Tokeni! Tokeni, wezi wakubwa!" Somoe alikuwa akipiga kelele, mtaa mzima umsikie, na mkono wake huku ukitawanya mtama, polepole, akiwasogezea vifaranga wadogo wasije wakanyang'anywa na wakubwa.

Mwanvita alirudi jikoni kwa ncha za vidole. Siku ile alifanya kazi zake zote akiimba.

Muhidini, kwa upande wake, alitafuta njia ya kisheria. Alikwenda kwa Mwalimu Sharifu mara nyingi hata wanafunzi wakawa wanasimama wakimwona.

"Mwalimu, tundu la kuku kwenye makuti limekuwa kubwa. Nikilipanua shemeji akapita humo, si amekuja?"

"Mlango wa kuku si mlango wa watu. Yeye aliapa kizingiti, na mkeo akasema kizingiti."

"Je, nikipiga kelele za moto, akaingia mbio kuzima?"

"Hapo ameingia kwa hila yako. Aliyeingia kwa kulazimishwa, au kwa kusahau, kiapo chake hakijavunjika. Anatoka zake kama alivyoingia, na wewe umebaki na kuku wako na dhambi ya moto usiokuwapo."

Muhidini aliyashika maneno hayo kichwani. Laiti angaliyasahau.

Mwaka wa tatu kuku walifika arobaini na wawili, na ndipo jogoo wa kuchi alipohama. Zamani alivuka mchana na kurudi kwao magharibi. Sasa akaona safari za kwenda na kurudi hazina maana, akalala moja kwa moja kwa Mwanvita, juu ya paa, upande wa mbali. Alfajiri aliwika kuelekea barabarani. Mtoro, aliyezoea kuamshwa na jogoo wake, akapitiwa na usingizi siku tatu mfululizo. Msikitini wenziwe wakamuuliza kama sasa yeye husali sala nne.

"Mke wangu," alimwambia Somoe kwa upole, na Mwanvita akasikia kila neno kupitia makuti, "jogoo kahama. Nadhani na mimi nihamie hukohuko, nipate kusali kwa wakati."

"Uhamie wapi?"

"Kwa shemeji. Pana watu wengi, lakini hawakosi pembe ya kunilaza."

Asubuhi yake Mwanvita alisema shikamoo kwa makuti, akasikia fagio likitupwa chini. Kisha akasikia mlango wa mbele wa dada yake ukifunguliwa kwa nguvu.

Somoe alizunguka na njia, kifuu cha mtama mkononi. Jogoo alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Mwanvita, kifua wazi, kama mwenye nyumba. "Njoo, baba," Somoe akambembeleza. "Njoo, mfalme wangu, mhuni wewe." Jogoo akaja, akadonoa mara mbili. Somoe akamdaka mkia. Jogoo akapiga ukelele, akamwachia manyoya mawili, akakimbia. Somoe akamkimbiza. Wakazunguka jiko la vitumbua la Chausiku mara moja, wakalizunguka mara ya pili, na Chausiku akainua karai lake juu akisema, "Mzibie njia, Bi Somoe, mzibie njia!" Jogoo akaona mlango ulio wazi. Akaingia. Na Somoe, leso imeteleza mabegani, macho yake kwenye mkia ule tu, akaingia naye.

Alivuka kizingiti, akapita ukumbi, akatokea uani katikati ya kuku arobaini na wawili walioruka huku na huku, akajitupa, akamshika jogoo miguu yote miwili. Akasimama akihema. Ndipo alipoinua uso.

Mwanvita alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mkono wake ulibaki ndani ya kifuu. Muhidini alikuwa mlangoni mwa jiko na kipande cha muhogo mdomoni. Na Mwanvita, kwa kuwa ilikuwa asubuhi, na kwa kuwa ndilo neno lake la kila asubuhi kwa miaka mitatu, akasema:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," alisema Somoe.

Malezi yana mbio kuliko hasira. Neno lilikwisha kutoka. Somoe aliweka mkono kinywani, akatazama chini, akaona amesimama wapi.

"Amevuka!" Mwanvita akainuka, nazi ikabingirika. "Dada amevuka! Alhamdulillahi, dada amevuka!"

Naye Muhidini, mtu mwema asiyejua lini anyamaze, akameza muhogo wake akasema, "Ngoja kwanza, mama Mina. Tusidhulumu. Mwalimu alisema aliyeingia kwa kusahau, kiapo chake hakijavunjika. Shemeji hakujua. Alikuwa anamtazama jogoo."

Mwanvita alimgeukia mumewe kwa macho ambayo Muhidini aliyakumbuka mpaka uzeeni.

"Ni kweli hayo?" aliuliza Somoe taratibu. "Kasema mwalimu?"

"Kasema," Muhidini akajibu, sauti ikipungua. "Anatoka zake kama alivyoingia."

Somoe aliiweka leso yake vizuri kichwani. Akamkumbatia jogoo kwapani. Akawatazama wale kuku, mmoja baada ya mwingine, wenye shingo za huku na miguu ya kule. Kisha akageuka, akapita ukumbi, akavuka kizingiti, akatoka nje.

Mwanvita alibaki amesimama. Alijiona kama mtu aliyeoneshwa chakula kikafunikwa. Alimsikia Chausiku kule barabarani akiuliza, "Vipi, Bi Somoe?" Akakaa tena juu ya mbuzi, akaokota nazi, akaipangusa mchanga kwa kanga yake. Muhidini akasema, "Mke wangu..." na Mwanvita akasema, "Usiniambie kitu."

"Hodi!"

Sauti ilitoka mlango wa mbele. Mwanvita aliendelea kuipangusa nazi.

"Hodi humu ndani! Au mmekuwa wengi hata hamsikii?"

"Karibu!" Mwanvita akakimbia. "Karibu, dada! Karibu!"

Somoe alikuwa amesimama nje ya kizingiti, jogoo kwapani. Nyuma yake alikuwa Chausiku na watu wengine sita au saba, maana jambo kama lile halikosi mashahidi. Somoe aliutazama mguu wake wa kulia. Akauinua juu zaidi ya ilivyohitajika, wote waone.

"Bismillahi," akasema. "Sikusahau, na sikulazimishwa." Akauweka ndani. Kisha wa pili.

Wakakumbatiana na jogoo katikati, naye akalalamika sana.

"Muhidini," alisema Somoe akifuta macho kwa pembe ya leso, "kamwambie mwalimu wako nimevunja kiapo mchana kweupe. Nina kafara ya maskini kumi. Mchele nitautoa mimi. Lakini wali mkavu ni kama matusi, maskini atautafunaje bila mboga?"

"Mboga ninayo, dada," alisema Mwanvita.

"Najua unayo. Nimeilisha mimi miaka mitatu."

"Najua umeilisha. Nilikuona."

Somoe akamtazama. "Uliniona ukanyamaza?"

"Ningesema ungeacha."

Karamu ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Sharifu alisema kumi ni wa kafara, lakini nadhiri haina idadi. Aje kila mwenye njaa. Walikuja wajane wa Gongoni, wazee wa Dunda, na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakingoja msafara, wamekonda kwa kungoja. Dada wawili walipika pamoja tangu alfajiri na hawakuruhusiwa kuonja hata kidogo. Aliyeonja chumvi ni Bi Kibibi, mjane asiye na kitu, ambaye kwa kutaka uhakika alionja mara saba. Wapagazi waliimba kwa lugha yao wakila. Mwanvita aliona mmoja wao akimwekea mwenzake mgonjwa paja kwenye jani la mgomba, akalifunika vizuri, kabla yeye mwenyewe hajala.

Jioni, wageni walipotoka, watu wanne wa nyumba mbili walikuwa na njaa, na katika nyua zote mbili alibaki ndege mmoja tu asiye na nadhiri.

Mtoro alimtazama jogoo wake kwa muda mrefu. "Alinihama," alisema. "Mchinjeni."

Mwanvita alimpika mwenyewe kwa nazi, saa nyingi, maana kuchi ni mgumu. Muhidini alipewa paja, akafumba macho kabla ya kuuma. Firigisi, moja lakini kubwa kama ngumi ya mtoto, Mwanvita aliiweka juu kabisa ya wali, akaibeba sahani kwa mikono miwili mpaka mbele ya shemeji yake, akapiga magoti. Somoe alitazama, kidevu juu, ameridhika.

Mtoro aliitia kinywani. Akatafuna. Akatafuna upande wa kulia, akaihamishia kushoto, akairudisha. "Mashallah," alisema, kinywa kimejaa. "Firigisi ya heshima hii." Akaendelea kutafuna hata wenziwe walipokuwa wanamaliza wali. Somoe alipogeuka kuchukua maji, Mwanvita alimwona Mtoro akiitoa ile firigisi, nzima, haina hata alama, akaidondosha kwa paka chini ya kitanda. Kisha akachukua shingo ya jogoo, akainyonya kwa raha, akalamba vidole.

Mwanvita alikumbuka siku ya harusi. Alielewa sasa ni meno mangapi yaliyobaki kinywani mwa Mtoro, na tangu lini. Macho yao yakakutana. Mtoro akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeomba siri.

"Umeipenda, shemeji?" aliuliza Mwanvita.

"Sijapata kula kama ile."

Mwanvita hakumwambia Somoe siku ile, wala siku nyingine yoyote. Yako maneno ambayo yakisemwa hayamfai mtu, na dada yake alikuwa na furaha.

Wiki mbili nyua zote mbili zilikuwa kimya. Mchicha ulipumzika na mbolea. Muhidini alipata kofia yake, akaisugua kwa majivu. Hata yeye alikiri kwamba kimya kimezidi. Kisha asubuhi moja Mwanvita alisimama kwenye makuti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Njoo upesi, Mwanvita, njoo uone aibu ya kwenu!"

Alikwenda mbio. Nyuma ya lundo la kuni la Somoe alikuwa anatoka kishingo mmoja, binti wa binti wa yule wa kwanza, ambaye siku ya kuchinja hakuna aliyekumbuka kumhesabu. Alikuwa amekonda, mkali, macho mekundu. Nyuma yake walifuatana vifaranga kumi na mmoja, shingo tupu, miguu mirefu.

Dada wawili walitazamana.

"Hawa nao..." alianza Somoe.

"Nilisema chote kitokacho kwake," alisema Mwanvita kwa sauti ndogo.

Mwalimu Sharifu aliwaona wakija kwa mbali, kapu kichwani, sauti za vifaranga ndani yake, akaweka kitabu chini kabisa, hata kidole hakuacha katikati.

"Msinisimulie," alisema. "Wagawieni maskini wangali hai, mama na watoto, kila mtu mmoja, na leo hiihii. Na wewe, Mwanvita, ukitaka tena kuomba, uje kwanza hapa nikuandikie maneno."

Waligawa wakizunguka mji pamoja, Somoe akibisha hodi na Mwanvita akitoa kapuni. Kishingo mama akaenda kwa Bi Kibibi. Mwaka uliofuata ukipita Dunda, ukipita Mangesani, hata ukifika Kaole kwenye mashamba ya mtama, hukukosa kuona kuku shingo tupu, miguu mirefu, anachakura mlangoni kwa watu kama aliyezaliwa hapo. Na Bi Kibibi, aliyeonja mara saba, siku moja alipiga hodi kwa Mwanvita na mayai sita ndani ya kikapu.

"Nimekuletea kidogo, mwanangu," alisema. "Kwangu wamezidi."